Kompyuta ya Kwaya Imelala

Alhamisi, 9 Mei
Kwaya yetu hapa Lizaboni ina kompyuta moja yenye mifumo endeshi miwili, unafungua mmoja kwa wakati. Windows ni ya Notburga, katibu. Linux ni yangu, mimi Pankrasi, mtunzi. Jumapili ni sikukuu ya somo wangu, mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake, na mwalimu Otto kaahidi wimbo wangu utaimbwa misa ya pili, mradi nakala zifike mazoezini Jumamosi. Shida: printa inaisikia Windows tu. Nikajaribu kuuhamishia wimbo kule. Wapi! Kioo kikaandika kwamba Windows haijazimwa, imelala. Nisome tu, nisiandike. Notburga huyo! Anafunika kompyuta na kwenda zake. Na wiki nzima nikiingia anaficha kioo. Anatunga wimbo wake ili aniangushe. Najua!

Ijumaa, 10 Mei
Nimempigia fundi Remmy. Kasema nimwombe Notburga aizime vizuri, basi. Nimwombe Notburga? Mimi? Bora nife! Akasema ipo amri ya kufuta huo usingizi kwa nguvu, ila chochote ambacho mwenzangu hajahifadhi kitapotea. Nikamwambia nimesikia. Viatu mlangoni! Kumbe Mama Adela anafagia kanisa. Nikabonyeza. Wimbo ukavuka! Aleluya!

Jumamosi, 11 Mei
Notburga kaja mazoezini macho mekundu. Kazi yake yote imepotea. Nikampa pole ndefu. Moyoni, vigelegele. Nikagawa nakala. Mwalimu Otto akageuza karatasi, akageuza tena. Akauliza sauti nyingine ziko wapi, maana niliandika ya kwanza tu. Nikasema nitawaimbia wasikie, kama siku zote. Akakataa katakata: mara ya mwisho waimbaji wa teno walipotea kabla ya kiitikio. Hapo Notburga akaangua kilio. Alichokuwa akiandika wiki nzima ni sauti za alto, teno na besi za wimbo wangu, alioushika kwa kunisikia nikiuimba, zawadi yangu ya somo! Nikasema ni virusi.

Jumapili, 12 Mei
Wameimba wimbo wa zamani. Nimeona aibu, nikafungua mdomo bila kutoa sauti. Notburga kaniletea maandazi ya somo, akasema ataandika upya. Nilitaka kumwambia ukweli. Maandazi yalikuwa yamejaa mdomoni.

Jumatatu, 13 Mei
Notburga ameanza upya. Mchana kaenda kula, akaniomba nisiguse kompyuta. Nimejizuia robo saa nzima! Imelala, na mimi nataka tu kuchungulia besi imefika wapi, labda nisahihishe nota moja. Amri ya Remmy bado naikumbuka.