Kifo cha Pili cha Mama Dufie

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Kikao cha ukoo, hapa Kumasi. Mama Dufie, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, anazikwa Jumamosi. Binamu Oppong, mwenye duka la uchapaji, akajitolea kuchapa vijitabu vya wasifu wake. Nikamkata kauli. Nikasema nyumbani nina printa mpya, haina hata waya. Wazee wakaguna kwa heshima. Oppong akauliza kama imewahi kuchapa chochote. Wivu!

Jumanne, 7 Novemba
Kompyuta inasema printa haipo. Mimi naiona! Iko mezani, taa inawaka. Nimeizima, nimeiwasha, nimeisogeza, nimeizaba kofi. Mke wangu Serwaa anasema tatizo ni VPN, ile njia ya siri inayoiunganisha kompyuta yangu na ofisi ya Accra. Ikiwa imewashwa, eti kompyuta haioni vya nyumbani. "Si uizime dakika tano tu, uchape?" Niizime! Bosi wangu, Madamu Edinam, akiona nimetoka kwenye mtandao wa ofisi saa za kazi, nimekwisha. Nimemwambia Serwaa mambo ya kitaalamu aniachie.

Jumatano, 8 Novemba
Asubuhi nzima kuandika maneno ya kumuaga Mama. Ukurasa mmoja. Nimeandika alivyokuwa akinikata kucha kila Jumapili huku akiniuliza hesabu. Nikikosea, kidole kinabanwa. Nilipofika hapo nikasimama, nikaangalia kucha zangu.
Mchana, ushindi! Kwenye orodha imejitokeza printa, tena ya rangi. Nimetuma nakala mia moja za kijitabu, ukurasa wangu ukiwemo. Kompyuta ikasema kazi imekamilika. Chumba kimya. Hata karatasi moja haikutoka.

Alhamisi, 9 Novemba
Zimetoka Accra. Ile ilikuwa printa ya ofisini! Madamu Edinam amepiga simu. Kasema wote wamesoma, na mhasibu amelia. Kanipa pole. Kisha, kwa upole wa kutisha: "Huyu si ndiye Mama Dufie uliyemzika mwaka jana Machi, nikakupa siku tano?" Nikasema mtandao unakatakata. Akasema yeye ananisikia vizuri sana. Anataka maelezo ya maandishi Jumatatu.
Ni kweli, nilimuua kwa mdomo. Tena nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama kwenye msiba wake fufu ya kulisha wageni ilitosha. Nikacheka naye, nikaondoka. Siku zile tano sikumpa hata moja.

Ijumaa, 10 Novemba
Nilipokuwa bafuni Serwaa ameizima VPN. Printa ikaamka, ikaanza kutema vijitabu. Nimemweleza kuwa ni lile kofi la Jumanne, dawa yake huchelewa kufanya kazi. Kijitabu cha arobaini, wino ukaisha.

Jumamosi, 11 Novemba
Basi la alfajiri limeleta mzigo kutoka Accra: nakala zote mia, zimebanwa vizuri, na kikaratasi cha Madamu: "Mzike vizuri safari hii."
Tumemzika. Oppong alifungua kijitabu, akasoma ukurasa wangu akiwa amesimama juani. Nilingoja kejeli. Akasema tu, "Mimi alikuwa akininyoa." Tukakaa benchi moja. Baadaye nikazunguka kwa wageni, meza kwa meza. Fufu ilitosha.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimekaa kuandika maelezo. Nikaanza na ukweli. Mistari miwili, ukaniishia. Serwaa alichungulia, akasema hiyo miwili inatosha, weka sahihi. Mtu hajui barua za kiofisi!
Nimeifuta. Nimeandika kwamba wa mwaka jana alikuwa pacha wake. Na kwa kuwa barua ilishakuwa inakwenda, nikaomba humo humo ruhusa ya siku tatu: mjomba wangu wa Sunyani yu mahututi.
Sina mjomba Sunyani. Safari hii hakuna wa kunifia kweli.