Betri ya Elius

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeficha betri ya mtu. Imo ndani ya soksi, soksi imo ndani ya kofia, kofia imo sandukuni, chini ya vitabu vya nyimbo vya marehemu mke wangu Emilia. Mwenye betri ni Elius, jirani yangu, seremala mstaafu na mzee wa kanisa. Mimi nina miaka themanini na moja. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita na nilichapa watoto kwa kuiba penseli.

Daktari wa hospitali ya Ikonda aliniambia moyo wangu umechoka, nifikirie miezi, nisifikirie miaka. Basi naandika kila kitu. Atakayesoma anisamehe, au acheke, vyote nitakuwa sivioni.

Chanzo ni jeneza. Majeneza ya mtaa wetu hapa Njombe bado anatengeneza Elius. La Emilia alilitengeneza yeye, na msibani watu walilisifu kuliko walivyosifu hotuba yangu. Hotuba ya kurasa tisa! Tena huyu Elius ndiye aliyempelekea Emilia barua ya posa kabla yangu. Alikataliwa, lakini hajawahi kuonekana kama mtu aliyekataliwa, na hilo ndilo linaloniudhi. Nikaapa: silali ndani ya mbao alizopiga randa Elius. La kwangu nalitengeneza mwenyewe. Kwa skrubu. Kwa drili ya betri.

Drili tulinunua pamoja, duka moja la Makambako, Oktoba iliyopita. Mapacha kabisa, na waranti ya mwaka mmoja kila moja. Wiki mbili sasa, tangu nianze kazi, betri yangu haishiki chaji. Naipachika kwenye chaja jioni, asubuhi nakuta haina kitu. Nikakumbuka enzi za redio ya mkulima, betri ikichoka tulikuwa tunaianika juani inapata nguvu. Lakini Julai hii Njombe haina jua, ina ukungu tu. Nikaianika kando ya jiko la mkaa.

Pembe moja ikayeyuka. Nikaifungua kwa bisibisi nione ndani kuna nini. Kuna vitu. Nikaifunga. Ile pembe nikaipaka dawa nyeusi ya viatu, ikapendeza.

Ijumaa nikaenda nayo Makambako. Muuzaji, kijana mstaarabu anaitwa Benno, aliigeuza mara moja tu. Akasema stika imechanika, kwa hiyo waranti imekwisha. Akanusa kidole chake. Akauliza kwa heshima zote kama betri yangu huwa inaenda kanisani.

Leo mchana Elius alikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Karakana yake haina kufuli. Nilitoa betri yake, nikapachika yangu. Nilitumia dakika mbili, na kumi na tano za kupumzika.

Jumanne, 15 Julai 2025

Skrubu ishirini na mbili! Zimezama kwenye paina kama kisu kwenye parachichi. Upande wa kushoto umekamilika. Moyo unadunda vizuri. Wizi unamfaa mzee.

Judith, binti yangu ninayeishi naye, amechungulia stoo. Nilimwambia zamani kwamba natengeneza kabati la vitabu. Ameuliza rafu nitaweka lini. Nimemjibu kuwa rafu ni mwisho. Ameuliza mbona kabati limeanza kwa kulala. Mwalimu mwenzangu huyu, anauliza maswali mengi.

Nikabadilisha mada. Nimemgombeza kwa kuacha swichi ya pasi wazi. Nimemweleza tena kwamba umeme hupotea kwenye soketi zilizoachwa wazi. Mabwenini nilipita kila jioni kuzima mwenyewe, na humu ndani napita hivyo hivyo. Hata ile soketi iliyo nyuma ya kabati la vyombo naifikia kwa ncha ya bakora. Tap! Miaka yote sijakosea hata moja.

Jumatano, 16 Julai 2025

Betri ya Elius nayo imekufa! Niliichaji jana vizuri, leo drili imelia mara moja kama mbuzi mwenye mafua, basi.

Nikacheka. Kumbe fundi mkubwa naye ana betri mbovu. Nikasikia sauti ng'ambo ya ua. Vuuu! Vuuu! Elius anatoboa. Kwa betri yangu! Ile iliyokufa, iliyoyeyuka pembe, iliyokataliwa Makambako, inaimba kwa Elius kama kwaya ya uinjilisti.

Nimekaa kwenye kigoda nikitafakari. Ama Elius ana maombi ambayo mimi sina, ama betri ina chuki na wasomi.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Mpango wa pili. Narudisha ya Elius, nachukua yangu ambayo sasa imepona. Huu hata si wizi. Betri ni yangu.

Nilikuwa ndani ya karakana, betri zote mbili mikononi, Elius akaingia. Alikuwa amesahau miwani. Nilizitumbukiza kwenye mifuko ya koti la baridi. Akanisalimu, kamwene Mwalimu. Nikajibu kamwene. Akauliza nimekuja kwa heri? Nikasema nimekuja kumjulia hali. Ni mara ya kwanza tangu mwaka 1998. Amefurahi sana! Akaniletea uji wa ulezi, nikaunywa nikiwa nimeinama mbele kwa uzito wa koti. Akasema naona umezidi kuinama, Mwalimu, jihadhari na hii baridi. Alipotoka kurudisha kikombe, nikabadilisha upesi.

Uji ulikuwa mzuri. Hilo nalo naliungama.

Jumapili, 20 Julai 2025

Kanisani sikwenda, kifua. Jana betri yangu ilifunga skrubu ishirini na nne, ikafa tena. Nikaipachika kwenye chaja baada ya sala ya jioni. Leo haina uhai.

Nimeelewa sasa. Betri zikiwa kwangu zinakufa, zikiwa kwa Elius zinafufuka. Hakuna haja ya kuielewa sayansi yake. Kinachotakiwa ni kubadilisha kila baada ya siku mbili mpaka jeneza liishe. Mfuniko tu umebaki.

Jumanne, 22 Julai 2025

Jambo la ajabu. Nimekwenda kubadilisha, nimekuta betri ya Elius haipo kwenye drili. Ipo dirishani, upande wa ua wetu, ambapo mkono wangu unafika bila kuingia ndani. Imefungwa kwa kipande cha flana isipate baridi. Imejaa chaji. Nikaacha yangu mahali pake, ndani ya flana ileile.

Elius anazeeka. Anaweka vitu ovyo. Nimemsikitikia.

Skrubu kumi na nane. Mfuniko umekamilika. Nimelipima jeneza kwa kuingia ndani. Nimejikunja kidogo upande. Nimekaa vizuri, nimeridhika, nikasinzia. Judith amenikuta humo. Amelia kwanza, halafu akakasirika, halafu akaniletea blanketi. Ameniuliza, Baba, hili ndilo kabati? Nikasema rafu ni mimi.

Alhamisi, 24 Julai 2025

Elius amekuja. Judith ndiye aliyemwita, msaliti! Akaingia stoo, akavua kofia mbele ya jeneza. Akalizunguka mara mbili. Akapitisha kidole kwenye kila skrubu. Nilishikilia bakora kama mtahiniwa anayesubiri matokeo.

Akasema kazi ni safi. Akalipima urefu kwa shubiri. Akasema lakini Mwalimu, ulijipimaje? Nikasema kwa futi kamba, nikiwa nimesimama ukutani. Akasema ndiyo maana. Mzee akisimama ameinama. Akilazwa siku ile, watamnyoosha. Hili limepungua shubiri nzima.

Miaka arobaini ya kufundisha vipimo!

Nikasema basi wanilaze nimeinama. Akasema haiwezekani, na Emilia atauliza nani kamkunja mume wake. Hapo tukacheka wote wawili mpaka nikakohoa, Judith akaja na maji.

Elius akasema ataliongeza yeye, kipande cha mbao miguuni, hakitaonekana. Kwa hiyo nitalala ndani ya mbao za Elius. Miguu tu. Nimekubali.

Halafu akatoa mfukoni betri yangu, imejaa chaji, pembe inang'aa. Akasema nimekuletea Mwalimu, usihangaike kuja dirishani na hiyo baridi. Alijua tangu siku ya kwanza. Akasema betri yake haikuwahi kunuka kiatu. Nikamrudishia yake.

Nikataka kumwomba radhi. Nikasema kosa ni la duka, wameniuzia chaja mbovu. Akaomba kuiona. Ipo nyuma ya kabati la vyombo. Akainama, akaingiza mkono. Tap. Taa nyekundu ya chaja ikawaka.

Akaniangalia. Judith akaniangalia.

Nikasema ni Judith, ana tabia ya kuzima swichi.

Judith ametoka kwenda kuosha vyombo, na amevigonga sana.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Elius amelichukua jeneza kwa mkokoteni. Mtaa mzima umeona. Wengine walianza kulia, nikalazimika kutoka nje kuwapungia mkono. Bertila wa gengeni alikimbia.

Nimekaa barazani siku nzima, nimefunikwa blanketi. Ukungu umepanda, jua limeonekana saa nzima. Ng'ambo ya ua namsikia Elius akitoboa kwa ajili yangu. Vuuu, vuuu. Sauti nzuri. Sijui kwa nini ilikuwa inaniudhi. Nimemwahidi kesho nitakwenda na drili yangu, tumalizie mfuniko pamoja, kila mtu upande wake. Amesema nije na betri iliyojaa, kwa kuwa ya kwake itakuwa imechoka. Ndilo jambo pekee aliloniomba tangu tufahamiane.

Nimefikiria kitu. Stika ya chaja yangu bado nzima kabisa. Waranti imebakiza miezi mitatu. Nikiianika kidogo kando ya jiko, kidogo tu, Benno hawezi kukataa kunipa mpya. Jumatatu kuna basi la kosta la Makambako saa mbili.

Nimeisoma shajara yangu tangu mwanzo. Betri ya Elius nimeikiri kwa urahisi, hata kwa majivuno. Posa ya Emilia nimeikiri. Kuna moja tu ambayo kalamu inakataa, nami si mtu wa kufa na deni kwa mwanangu. Leo Judith amenipikia uji wa ulezi na hakunisemesha mpaka nilipoumaliza. Naandika upesi kabla sijabadili mawazo.

Si Judith. Swichi ya chaja nilikuwa naizima mimi, kila jioni, kwa bakora. Na jioni hii, baada ya sala, nimepachika betri kwa ajili ya kesho, kisha nimepita nyumba nzima kama kawaida, na nimezima zote.