Kamati ya Kuta Zisizofahamika

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kutwa nzima, kwamba kuanzia sasa hakuna ukuta wowote katika kata ya Mtawanya utakaoruhusiwa kusimama bila kufahamika. Kamati ya Utambuzi wa Viambato vya Kuta Kongwe ilikuwa imezinduliwa, na Mwenyekiti wake, Bwana Abdulhalim, alijiona kama mtu aliyekabidhiwa mipaka ya nchi.

Nyumba ya kwanza kukaguliwa ilikuwa ya Bi Mwanahawa, aliyekuwa akimwoza binti yake, Nasra, kesho yake. Karibu na mlango plasta ilikuwa imebanduka, kikaonekana kitu cheupe chenye chengachenga. Katibu Ismaily alikigonga, akakinusa, akakionja. Hakikufahamika.

"Chokaa hiyo, mwanangu," alisema Bi Mwanahawa. "Imechanganywa na makombe ya baharini. Na hizo boriti ni miti ya mikandaa, marehemu babu aliitoa huko visiwani."

"Bi Mkubwa," Abdulhalim alimjibu kwa upole, "mwenye nyumba haruhusiwi kuutambua ukuta wake mwenyewe. Ni mgongano wa maslahi."

Akaufunga mlango kwa utepe mwekundu. Kikanuni, jengo lenye utepe haliingiliki.

"Na harusi je?"

"Ihamishieni kwenye jengo lililothibitishwa."

"Lipi hilo?"

Kata nzima lilikuwa moja tu: ofisi mpya ya Kamati, ambayo Abdulhalim aliusimamia ujenzi wake mwenyewe na kuuthibitisha mwenyewe. Hapo hakuona mgongano wowote.

"Ofisini kwangu," alisema, kwa kuwa haki haina budi kutendeka.

Asubuhi ofisi ikafurika masufuria, mikeka na akina mama. Shangazi wa bi harusi, Subira, akapigilia msumari atundike pazia. Msumari ukazama wote, nyundo nayo ikaufuata. Kisha ukuta ukaanza kumwagika taratibu, kama gunia la unga lililotobolewa na panya: mchanga mtupu, maboksi ya biskuti, na ndala moja ya mguu wa kushoto.

Wataalamu hawakuhitajika. Hata watoto walivitaja vitu hivyo kimoja kimoja.

"Ismaily," alisema Abdulhalim, jasho likimtoka, "andika kwamba viambato havifahamiki."

"Mwenyekiti, ndala hii ni yangu. Niliipoteza siku tunaweka jiwe la msingi."

Kanuni ni kanuni. Ofisi ikabidi ifungwe. Lakini utepe ulikuwa umekwisha, na mwingine ulipangiwa bajeti ya mwakani. Abdulhalim akaenda kwa Bi Mwanahawa, akaufungua utepe mlangoni kwa mikono yake, akina mama wakimpita na masufuria yao vichwani, wakirudi nyumbani. Akarejea, akaifunga ofisi yake kwa utepe huohuo. Ndipo alipokumbuka kwamba chakula chake cha mchana kilibaki ndani.

Harufu ya pilau ikamvuta. Alisimama mlangoni kwa Bi Mwanahawa akikohoa kidogo, kama mtu aliyekuja kwa shughuli za kiserikali.

Bi Mwanahawa akamsogezea mkeka na sahani.

"Keti, mwanangu, uegemee ukuta. Sisi tunaufahamu."