Tasnifu Zenye Magamba

Mselemu hakungoja kuambiwa. Alimwona yule dada akishuka kwenye gari la Kiomboi, begi la kompyuta amelikumbatia kama mtoto mchanga, macho mekundu, midomo ikisema peke yake, akajua: huyu ni msomi, na usomi umemkwama kooni. Akazima redio, akafuta vumbi kwenye mashine ya kutolea kopi, akavaa miwani ambayo haikuwa na kazi yoyote usoni zaidi ya heshima.

Duka lake la steshenari lilikuwa hatua chache tu kutoka stendi ya Singida. Mbele aliuza kalamu na madaftari. Nyuma ya pazia aliuza tasnifu, vile vitabu vinene anavyoandika msomi ili aitwe dokta asiyetibu hata mafua.

"Karibu, dada yangu. Kopi, au matatizo?"

"Vyote viwili, kaka." Aliitwa Agripina. "Nisipopeleka tasnifu chuoni mwaka huu, nafutwa. Miaka yote hii inakwenda na maji."

"Pole sana. Mada yako ni ipi?"

"Watu wanaowaandikia wenzao tasnifu kwa malipo."

Mwingine angepaliwa na mate. Mselemu akatabasamu. Mwizi wa kuku akisikia wizi wa kuku unasifiwa kilabuni, hanyamazi, atasogeza kiti.

"Mada tamu hiyo," akasema. "Na malipo yangu?"

"Sina kitu, kaka. Labda ile mashine ya kukamulia alizeti aliyotuachia marehemu baba, kule Unyambwa. Mama amechoka nayo, na mimi nikimaliza naenda kufundisha mbali. Atakayenifikisha salama sitamnyima jasho lake."

Mselemu akasogeza kiti. Mashine ile aliijua. Kila akipita Unyambwa alikuwa akiisikia ikinguruma, mate yanamjaa. Alikuwa amechoka kubadili namba za simu na kuwakwepa wateja. Mwenye mashine ya alizeti hamkwepi mtu. Watu humfuata wenyewe, tena na magunia kichwani.

Basi akaingia kazini, na kazi yenyewe mtaicheka. Alitafuta mtandaoni tasnifu kuukuu ya biashara ya samaki ziwani, akaiamuru kompyuta: kila penye samaki, weka tasnifu. Kompyuta ni mtumwa mtiifu, haiulizi. Akachapa, akajalidi, akampa.

Agripina akasoma palepale, amesimama.

"'Tasnifu huvuliwa usiku kwa taa. Zikifika ufukweni, kina mama huzipara magamba na kuzitumbua.' Kaka Mselemu! Wewe umewahi kuipara tasnifu magamba?"

"Dada, hiyo ni lugha ya kisomi. Ina mafumbo."

"Na hii? 'Tasnifu isipokaangwa mapema hutoa harufu.'"

"Hiyo ni kweli tupu," akasema Mselemu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa amedanganya.

Agripina alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaweka simu yake juu ya kaunta. "Sikiliza. Kazi hii unaijua kuliko vitabu vyote. Nisimulie wewe, mimi nirekodi, niandike mwenyewe. Jina lako sitalitaja hata kwa fimbo. Unaridhia?"

Mselemu nusura ajibane mbavu kwa kicheko. Maskini msomi! Anaandika kitabu chake mwenyewe, halafu analipa mashine! "Naridhia," akasema upesi, kabla dada hajapata akili.

Akasimulia. Kila Agripina alipopita, pazia lilifungwa na domo likafunguliwa. Alieleza tasnifu huibwa wapi, huoshwaje, huuzwa kwa nani. "Kuna mzee mmoja wa kwenu Kiomboi nilimuuzia ileile ya samaki. Samaki wakawa vitunguu! Nikamwambia kitabu ndicho shahada. Amekiweka kabatini na vikombe vya wageni, na anaitwa dokta mpaka leo."

Haya, kitendawili. Nina kuku wangu hana manyoya. Akishataga sharti atetee mbele ya wazee, asipotetea yai si lake. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Kiomboi? Nimekwenda, nimekula, nimerudi. Kuku huyo ni msomi wa udaktari. Kutaga wanataga wengi. Kutetea ndiko kunakotenga kuku na kanga. Agripina akaenda chuoni, akaitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa wenye nyuso kavu, na yai likawa lake. Hata kitabu kikachapwa.

Sherehe ikafanyika nyumbani kwa mama yake, Kiomboi. Mselemu akaja na koti la kuazima, akaketishwa jirani na Mzee Gasto, mkulima wa vitunguu mwenye kitambi cha heshima. Kumbe ndiye yule mwenye kabati!

"Shikamoo, dokta," Mselemu akasema.

"Marahaba, fundi wangu! Na wewe umealikwa?"

Kabla hajajibu, Agripina alisimama na kitabu chake, akawasomea wageni kipande cha kuchekesha: "'Vitunguu huvuliwa usiku kwa taa.'"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Gasto akacheka kuliko wote, kisha akanyamaza ghafla. Huo ulikuwa mstari wa kwanza wa kile kitabu chake cha kabatini, na ndio pekee aliowahi kuusoma.

"Fundi," akanong'ona, "maneno hayo yako kabatini kwangu."

"Vitabu hufanana, mzee wangu."

"Aliyenieleza haya yote yupo hapa," Agripina akaendelea. "Niliahidi kutomtaja, na sitamtaja. Lakini ufunguo wa mashine ya Unyambwa ni huu. Akitaka, asimame mwenyewe apokee."

Mselemu akainua kiuno. Mkono mzito ukatua kwenye goti lake.

"Simama tu," Mzee Gasto akanong'ona kwa upole. "Ukisimama, na mimi nasimama, nawaambia hawa ni nani aliyevua vitunguu. Angalia lile benchi la mbele. Wale si madokta wenzangu, wateja wako?"

Mselemu akatazama. Aliwajua wote kwa majina.

"Kwa hiyo nikae, mzee?"

"Kaa, baba. Kaa utulie."

Na Mzee Gasto akainuka, akaweka koti sawa. "Mwanangu Agripina, aliyekueleza ni mimi. Niliyachunguza mambo hayo kwa uchungu, ili vijana wetu wapone."

Vigelegele vikapasuka. Agripina akaduwaa.

"Mzee Gasto, una hakika?"

"Kama ninavyoitwa dokta."

Agripina akamgeukia Mselemu, akamkazia macho. "Kuna mwenye pingamizi?" akauliza, polepole, kama mchungaji siku ya ndoa.

Mselemu akatazama tena lile benchi la mbele. Mzee Gasto akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akainama kwa unyenyekevu mkubwa. Watu wakampigia makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikamwasha, alikuwa Mselemu.