Kamati ya Kutambua Mahali Tulipo

Wananchi wote wa Korogwe na Handeni walitangaziwa, kwa karatasi yenye mhuri iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme pale stendi, kwamba kuanzia tarehe mosi Agosti mwaka 2002, Mradi wa Majosho na Njia za Mifugo utakuwa unajua uliko. Hadi siku hiyo Mradi ulikuwa ukienda kwa kubahatisha na kuuliza njia kwa wapita njia, jambo ambalo, tangazo lilisema, haliendani na utandawazi.

Aliyesaini ni Bwana Semboja, Meneja wa Mradi, mwenye ofisi Manundu, Korogwe, meza yenye kioo na mihuri saba. Wafadhili walikuwa wameleta pikipiki moja ya kupita lami na porini, wakashauri ifungwe kile kidude kinachoongea na setilaiti, ambacho vijana wa stendi walikwisha kukiita jipiesi. Semboja alilikataa jina hilo kwa kuwa lilikuwa fupi. Akabuni jina rasmi, Kitambua Mahali. Kisha akaunda Kamati ya Kuteua Kitambua Mahali, akajiteua mwenyekiti, akajiandikia barua ya pongezi na kuijibu siku hiyo hiyo.

Tuelewane mapema. Josho la Mazingara halikuwepo. Kwenye faili lilikuwepo, tena zuri, lenye mchoro na cheti cha kukamilika. Lakini kule Mazingara penyewe, wilayani Handeni, mahali ambapo ng'ombe walitakiwa kuogeshwa, palikuwa na vichaka na kichuguu kimoja. Saruji yake ilipata ajali ya kiutawala njiani ikageuka nyumba ya vyumba vinne, hapo hapo Manundu, yenye baraza linalotazama magharibi. Semboja hakuona kwamba ameiba. Aliona kwamba josho limechelewa kufika.

Aliyeona limechelewa kupita kiasi ni Mama Nashilu, mjane mfugaji wa Mazingara. Alikuwa na ng'ombe sitini. Kupe wakaleta ugonjwa wa ndigana kali, ng'ombe wakabaki ishirini na wanane, na kila mmoja aliyekufa alimjua kwa jina. Mara tano alikuja ofisini kuuliza, na mara tano Semboja alimjibu bila kuinua macho.

"Mama, josho lako limekamilika asilimia mia."

"Liko wapi?"

"Liko kwenye utekelezaji."

Mara ya sita iliangukia siku ya kikao cha Kamati. Kila kikao kilitakiwa kiwe na mdau, na mdau wa siku ile alikuwa amepata msiba. Basi Nashilu akaketishwa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaandikwa, akapewa soda.

Vifaa vitatu vilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kijani. Viliteremka kutoka Dubai kwa mkono wa mfanyabiashara, maana siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa kuteremka. Wajumbe saba walivizunguka. Rehani, bwana mifugo, ndiye pekee katika Mradi mzima aliyejua kuendesha pikipiki, lakini hakuwekwa kwenye Kamati. Kwa kuwa ndiye atakayekitumia kifaa, ilionekana ana maslahi. Aliruhusiwa kusimama.

"Hadidu ya kwanza ya rejea," alisema Semboja. "Kifaa kivumilie mtikisiko wa barabara."

Wajumbe wakaitikisa meza. Vifaa vyote vitatu vikavumilia, ila soda ya mjumbe mmoja haikuvumilia.

"Hadidu ya pili. Kifaa kibonyezeke na mwendeshaji aliyevaa glovu."

Wilaya mbili nzima hazikuwa na glovu. Semboja hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo. Aliinama, akavua viatu, akavua soksi, akazivaa mikononi, akabonyeza. Wajumbe wengine wakafuata, kwa sababu uongozi ni kuonyesha njia. Kwa dakika kumi Kamati ilifanya kazi ikiwa pekupeku na mikono imevaa soksi, madirisha yote yakiwa wazi.

Mwaija, katibu wa kikao, aliinua kalamu. "Mwenyekiti, niandike glovu au soksi?"

Semboja alifikiri. "Andika glovu za mpito."

Mama Nashilu pale mlangoni alikunywa soda yake taratibu akitazama. Hakucheka hata kidogo.

Zamu ya kuwasha ikafika, wakatoka uani. Kifaa cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye rangi na ramani, kinakaa kwenye usukani na kunyonya umeme wa pikipiki yenyewe. Rehani alikishika kwa mapenzi.

"Mzee, hiki ndicho. Jua kali unasoma, mvua ikinyesha hakijali. Cheki, Manundu hii hapa. Segera, Kabuku, hii barabara ya Chalinze. Ukikata huku unaingia Mazingara. Mpaka korongo linaonekana!"

"Na josho?" Semboja aliuliza.

Rehani akasogeza, akakuza, akasogeza tena. "Josho halionekani, mzee."

"Lakini lipo."

"Ndiyo hivyo, mzee, halionekani."

"Basi kifaa kina mapungufu," alisema Semboja. "Mwaija, andika. Kifaa hakina taarifa za serikali."

Cha pili kilikuwa cha wastani, na sifa yake kubwa ni kwamba kinakumbuka. Rehani alieleza kwamba kila kinakopita kinachora mstari, hata baada ya mwezi unajua mtu alikwenda wapi, akakaa muda gani. Wajumbe wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na fomu za safari za Handeni alizosafiri akiwa amekaa Korogwe. Kifaa kile kiliitwa mbea, na kura saba kati ya saba zikakikataa. Hakuna hoja iliyopita kwa umoja namna ile tangu Mradi uanze.

Kikabaki cha tatu, kidogo, cha manjano, kinachokwenda kwa betri mbili za redio. Hakina ramani wala rangi. Kina mshale tu.

"Hiki sasa, mzee, hakijui kitu," Rehani alisema kwa unyonge. "Kinajua unachokiambia tu. Unasimama mahali, unabonyeza, unaandika jina, kinaweka. Siku nyingine ukitaka kwenda pale, mshale unakupeleka."

Semboja alisogea. "Kinaamini jina unaloandika?"

"Kinaamini, mzee. Ila lazima uwe umesi..."

"Hakibishi?"

"Hakibishi, lakini uwe ume..."

"Asante, Rehani. Kaa kimya sasa, usije ukaonekana una maslahi." Na uso wa Semboja ukang'aa. Miaka ishirini na miwili ya utumishi alikuwa akitafuta mtumishi wa namna hii.

Taarifa ya Kamati ilikuwa na kurasa arobaini. Ukurasa wa mwisho, juu ya mhuri, ulisema: "Kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba kifaa cha manjano hakikosei hata hatua tano. Kinapoelekeza, hapo ndipo." Ikatumwa Dar es Salaam kwa mkaguzi, Bibi Paulina, ambaye alijibu kwa mstari mmoja. Atakuja Alhamisi ya wiki ya pili, na anataka kuona josho la Mazingara.

Wangapi wangetetemeka! Semboja hakutetemeka. Jumamosi mchana alikwenda na kifaa nyumbani, akakaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, miguu juu ya stuli, akaanza kuandika herufi moja moja. J. O. S. H. O. Ilimchukua muda wa kuiva sufuria ya maharage. Alipomaliza MAZINGARA, kifaa kilimuuliza kwa Kiingereza kama ana uhakika. Akakijibu kwa kidole kwamba anao. Alivyoelewa yeye, kifaa ni faili lenye betri. Faili huliulizi limesimama wapi wakati linaandikwa.

Mpango ulikuwa hivi. Rehani atatangulia Mazingara, mshale utaonyesha kichaka chochote, na kichaka hicho kitakuwa na josho nyuma yake. Mkaguzi naye atapikiwa pilau nyumbani kwa Meneja, aongezewe, aongezewe tena, mpaka jua lizame na safari ya porini iahirishwe kwa sababu za kiusalama. Semboja alimkabidhi Rehani barua rasmi: "Fuata mshale hadi joshoni, uwaongoze wadau na mifugo yao. Afisa asiongeze maoni yake."

Rehani aliwasha kifaa alipofika kwa Mama Nashilu siku ya Jumapili. Mshale ukageuka, ukaonyesha alikotoka. Akakizima, akakiwasha. Mshale haukubadili msimamo. Josho la Mazingara, kilisema kidude cha manjano, liko kilomita zaidi ya sitini, upande wa Korogwe.

"Mama, kimeharibika," alisema Rehani.

"Kimeharibika vipi? Si mlikichagua na soksi? Mimi nilikuwepo." Nashilu alichukua ile barua, akamwomba amsomee mara mbili. "Imeandikwa usiongeze maoni. Mbona unaongeza? Serikali imesema josho liko kule, sisi ni nani tubishane nayo? Mwezi mmoja mwingine wa kupe, sitakuwa na ng'ombe wa kubishania."

Akafungua zizi. Siku nne walitembea, pikipiki mbele kwa gia ya kwanza, ng'ombe ishirini na wanane nyuma. Wakilala kwa wenyeji, wakinywesha penye maji. Pale Kabuku wauza machungwa waliacha biashara wakatazama.

"Mama, mnakwenda wapi na mali?"

"Josho la Mazingara."

"Si ndiko mnakotoka?"

"Tunakotoka ni Mazingara. Josho limehamia Manundu."

Alhamisi saa nane mchana Bibi Paulina alikuwa barazani kwa Semboja, sahani ya tatu ya pilau mbele yake, akitazama saa. Alikuwa mwanamke mpole mwenye daftari dogo.

"Ongeza nyama, mheshimiwa," alisema Semboja. "Porini huko hakuna chakula."

"Nimeshiba, Bwana Semboja. Twende joshoni."

"Twende, twende. Ila kuna achari."

Achari haikuwahi kufika. Pikipiki ilinguruma kwenye geti, na nyuma yake zikaingia pembe, mavumbi na mlio wa kengele. Ng'ombe walikanyaga bustani ya maua, wakaendelea. Rehani alishuka akiwa amenyoosha kifaa mbele yake kwa mikono miwili. Kilikuwa kinalia pi, pi, pi. Akapanda ngazi za baraza, akampita mkaguzi, akasimama mbele ya kiti cha kamba alichokalia Meneja. Kikalia piii mara moja ndefu kikanyamaza.

"Tumefika joshoni, mzee," alisema Rehani. "Sina maoni."

Bibi Paulina aliomba kukiona kifaa. Alikisoma, akausoma na ukuta wa saruji. Kisha akatembea polepole mpaka kwenye banda la kuku uani, lililoezekwa kwa mifuko mitupu ya saruji, akasoma maandishi ya mifuko ile kwa sauti: "Josho Mazingara. Haiuzwi."

Semboja alikinyooshea kifaa kidole. "Mheshimiwa, kifaa... hivi vitu vya Dubai, unajua..."

"Kimekosea?" Bibi Paulina alifungua begi akatoa taarifa ya kurasa arobaini, akaifungua ukurasa wa mwisho. "Maana hapa umesaini kwamba hakikosei hata hatua tano. Kama kimekosea, taarifa hii ni ya uongo, nami nitaanzia hapo. Kama hakikosei, basi josho ni hili tulilokalia. Chagua wewe, mwenyekiti ni wewe."

Semboja alitazama ukurasa, akautazama mhuri wake, mzuri, wa duara. Akautazama ukuta. Hakuwahi kuchagua kitu bila kamati.

"Hakikosei," alisema kwa sauti ndogo.

"Vizuri." Aliandika kwenye daftari, akisema anachoandika: "Josho limeonekana. Lina vyumba vinne, baraza na banda la kuku. Lirejeshwe Mazingara, tofali kwa tofali, kwa usimamizi wa Polisi."

Nashilu alikuwa amesimama katikati ya maua, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mwekundu aliyejaa kupe masikioni. Safari hii Semboja ndiye aliyeinua macho kwanza. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Josho likirudi nitashukuru. Lakini hawa kupe hawajui kusubiri utekelezaji, na kuogesha ni kila wiki. Siwezi kutembea siku nne kwenda na nne kurudi. Kwa hiyo tutakaa hapa hapa joshoni mpaka lihame. Wewe anza na huyu mwekundu."

Rehani alikwisha kuteremsha bomba la kunyunyizia na chupa ya dawa. Alisoma onyo la kwenye chupa kwa sauti ya kikazi. "Ni sumu, mzee. Usishike bila glovu."

"Glovu hakuna," alisema Semboja haraka, na kwa mara ya kwanza mchana ule akaona tumaini.

Mama Nashilu alimtazama miguuni.

"Zile za mpito si umezivaa?"