Malalamiko Kuhusu Mabomba Matano Chini ya Boila Yetu

Kwa Baba Mkwe, Bwana Wilf Hardcastle,
Bridlington.

Baba,

Naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua ya kwanza niliianza mwezi wa tisa, Edie akaitapikia maziwa. Ya pili nilisinzia juu yake. Sasa ni Desemba, mtoto ana meno manne, na malalamiko yangu nayo yamekomaa.

Tangu tumzike Mama Jean wako mwezi wa tatu hujatoka hapo Bridlington. Tukikualika Krismasi unajibu, "Nije kufanya nini huko, binti? Nitawakalia njiani tu." Basi nakuandikia rasmi, kama mteja anavyomwandikia fundi aliyefunga boila yake, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba, kukujulisha kwamba kazi ipo.

1. Chini ya boila kuna mabomba matano. Uliyafunga, ukanywa chai, ukaenda zako bila kututajia hata jina la moja. Nilipomwuliza Callum alikuna kichwa, akasema, "Moja la gesi. Hayo mengine ni ya... maji." Huyo ndiye mtoto wa fundi aliyefanya kazi hii miaka arobaini! Ikabidi niyabatize mwenyewe. Lile linalounguza naliita Shangazi.

2. Mshale wa presha unatakiwa usimame kwenye moja na nusu hivi. Juzi niliukuta umelala kwenye sifuri kama mwanao siku ya Jumapili. Nikafungua kile kimpira cha kujazia maji, Edie akalia, nikakimbilia huko, nikasahau kukifunga. Kurudi, mshale umepita tatu, na nje kibomba cha shaba kinakojolea maua ya jirani. Siku ya harusi ulinionya kuhusu paa, ngazi na Callum. Kuhusu kibomba hicho hukusema neno.

3. Lile bomba jeupe la plastiki linalotoa maji nje liliganda kwa baridi. Boila ikagugumia, ikazima. Asubuhi kweupe nilisimama uani na gauni la kulalia na mabuti ya Callum, mtoto kifuani, nimelikumbatia bomba kwa mfuko wa mpira wa maji ya moto. Mtaa mzima sasa unajua kwamba mke wa Callum hubembeleza mabomba.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilimwita fundi, kijana anaitwa Dale. Kama mafundi wote wa nchi hii, hata mkoba hajautua, akafyonza hewa kwa meno na kutikisa kichwa: "Aisee, dada. Nani alikufungia hii?" Nikamwambia, "Baba mkwe wangu, na chai yako inapoa." Akachungulia chini, akapitisha kidole kwenye viungio. Halafu akasema, "Mzee huyu alikuwa anapinda shaba kwa mkono. Siku hizi hakuna wa kufanya hivi. Yupo bado?" Nikasema yupo, kakaa kwenye kiti. Sifa hizo ninazo wiki mbili sasa, na mimi hata spana sijui kuishika. Ni dhuluma kunitunzisha mali isiyo yangu.

5. Edie ameanza kuiita boila "Babu". Sikumfundisha. Alisikia kitu kinanguruma pembeni, hakionekani sura, akahitimisha mwenyewe. Ijumaa aliinyooshea mikono imbebe. Baba, sitaki kukutisha, lakini asipomwona babu mwenye miguu upesi, huyu mtoto atakwenda shule akisema babu yake ni mweupe, wa mraba, na huhudumiwa mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo nadai ufike kabla ya tarehe ishirini, unifundishe bomba moja baada ya jingine. Mimi ni mzito wa kuelewa. Nakadiria bomba moja, wiki moja.

Msalimie Bwana Norman wa jirani na mbwa wake, na wale kina mama wa kanisani wanaokuletea pai. Callum anakusalimu. Edie amekusalimu kwa mate, ndiyo hayo hapo pembeni.

Ni mimi mkamwana wako, nisiyeridhika hata kidogo lakini nakupenda,
Kirsty

Baada ya kusaini: Siwezi kumdanganya mzee. Kuanzia kushoto: maji ya moto yaendayo kwenye vipasha joto vya ukutani, maji ya moto ya kuogea, gesi, maji baridi yanayoingia, na yale yanayorudi kutoka kwenye vipasha joto. Nilijifunza yote Jumanne, kwenye kijitabu cha maelekezo, mtoto akiwa amelala. Mshale uko kwenye moja na nusu. Hakuna kilichoharibika humu, na kikiharibika Dale yupo. Hatuna kazi yoyote ya kukupa. Vitu ambavyo bado tunahitaji vitumwe, kwa treni ya Jumamosi ya saa nne na robo, ni hivi: viatu vyako vya ndani, dawa zako za wiki tano, miwani ya kusomea, na lile sweta la kijani alilokufumia Mama Jean, wewe ukiwa ndani yake.