Njia ya Haraka ya Kwenda Shimanzi

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechelewa. Kosa si langu. Ni la Mombasa nzima.

Naandika haya ili wajukuu zangu wajue. Mimi, Zakariya wa Wete, Pemba, nimevuka mpaka, nimegongewa mhuri kwenye pasipoti, nimekuja mji mkubwa kusomea usafirishaji wa shehena. Chuo kiko Shimanzi, ghorofani, juu ya maghala. Kutoka Kibokoni ninakokaa kwa Bi Tumu, binamu ya mama, ni dakika arubaini kwa miguu. Bi Tumu hunikumbusha hilo kila asubuhi. Lakini mwanafunzi wa usafirishaji aende kwa miguu? Ni aibu kwa fani.

Basi nikapanda tuktuk ya Dzoro. Dzoro alitaka kupita barabara kuu. Nikamwonyesha njia ya mkato kwenye simu. Akasema kichochoro hicho hapiti hata mbuzi mnene. Nikamwambia ramani huchorwa na watu waliosoma. Akaingia.

Tukanasa! Baraza ya nyumba huku, baraza ya nyumba kule, tuktuk katikati. Mbele hatuendi, nyuma haturudi, hata mguu kuutoa nje hakuna nafasi. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa hapo barazani hawakuigusa tuktuk mpaka salamu ziishe. Nimeulizwa hali yangu, hali ya wazazi, hali ya Pemba, hali ya karafuu. Nikajibu yote nikiwa nimebanwa. Kisha wakamaliza kahawa. Kisha wakatubeba: tuktuk, Dzoro, na mimi ndani, kama sinia ya pilau.

Mlangoni mwa chuo alisimama Madam Ketty, msajili wetu, na daftari la wachelewaji. Kuna sheria mpya. Mtihani ni Alhamisi saa nne. Atakayechelewa mara tatu wiki hii hapewi karatasi, na asiyefanya mtihani anafutwa. Kufutwa! Na mimi Wete nilichinjiwa ng'ombe wa kuagwa. Niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nitarudi afisa. Nikirudi bila cheti, watanidai ng'ombe wao kwa macho maisha yangu yote.

Bassam aliisoma sheria hiyo kwa sauti mara mbili, akinitazama. Bassam ni mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa mwenye duka la leso, Biashara Street. Anakuja na pikipiki. Hajachelewa tangu azaliwe. Simpendi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechelewa mara ya pili. Na leo nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi!

Hila ilikuwa safi. Niliondoka na lori la maji lililokuwa likitoka mtaani mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nikafika, lango la chuo limefungwa. Nje limeegeshwa lori la saruji. Nikapanda juu ya mifuko, nikajifunika turubai, nipumzike kidogo tu huku nikilinda lango.

Nimeamka Mariakani, mbali nje ya mji, kwenye mizani ya malori. Lori lilizidi uzito. Dereva alishuka kutafuta sababu, akafunua turubai, akaniona. Alipiga kelele ambazo sikuzitarajia kwa mwanamume wa umbo lile. Nikamweleza kwamba mimi ni wa fani moja naye. Hakufurahi.

Nilirudi saa saba, mweupe kwa saruji toka utosini hadi visigino. Madam Ketty aliandika jina langu bila kuuliza kitu. Bassam aliuliza kama nimekuja kujenga ghorofa ya pili. Darasa zima likacheka. Hata Mwalimu Mutunga, ambaye hufundisha kwa uso wa mtu anayeumwa jino, alicheka.

Imebaki nafasi moja. Yaani haikubaki hata moja. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Jumatano, 10 Septemba

NIMEWAHI! Nimewahi kwa robo saa! Nyota njema huonekana asubuhi!

Asubuhi yenyewe ilianza vibaya. Saa tatu niko barabarani, sina usafiri, na darasa ni saa nne. Dzoro aliniona, akaongeza mwendo. Foleni ya magari imeganda. Nikaanza kutunga barua ya kumwomba baba msamaha.

Ndipo likatoka jeneza. Mazishi ya mtu wa mtaa wa Kuze, wanaume kwa mamia, jeneza juu ya mabega, limefunikwa kitambaa cha kijani, tahalili zinapaa. Nami ni Mwislamu, nikatia bega kama inavyopasa. Nikashangaa. Tunakwenda mbio! Maiti huharakishwa, hilo nalijua tangu chuoni kwa maalim, ila sikuwahi kulifikiria kwa jicho la usafirishaji. Malori yamesimama. Mikokoteni imerudi nyuma. Askari wa barabarani alivua kofia. Barabarani tukapakiwa kwenye basi, sikuulizwa nani wala wapi, na basi likapaa hadi makaburini Kikowani. Nikatupia mchanga wangu, nikamwombea marehemu kwa dhati, nikatembea robo saa, nikafika.

Tamu kuliko zote: Bassam amechelewa! Alisimamisha pikipiki kando, akavua helmeti, akasubiri msafara upite, kisha foleni iliyobaki nyuma ikamnasa. Mimi nilikuwa dirishani mwa basi. Tulionana. Nilimwinamishia kichwa kwa huzuni inayostahili.

Nimeipata njia. Mombasa hakuna kinachokwenda mbio isipokuwa maiti.

Niliporudi nikamwuliza Bi Tumu kama kesho kuna mtu yeyote anazikwa. Akasema alhamdulillahi, hakuna. Uso wangu ukaanguka, akauona.

"Ewe mwana," akaniambia, "maiti huagizwa kama mkate?"

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Msikitini baada ya alfajiri ilitangazwa: Mzee Athmani, karani wa zamani wa maghala ya Shimanzi, amefariki kwa mwanawe mtaa wa pili, atatolewa saa tatu. Saa tatu! Mtihani saa nne! Nilisema inna lillahi kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka.

Nilipanga barabara. Jana nilikaa nyuma ya basi, nikapoteza dakika tano kushuka. Leo nikajipenyeza mbele, nikatia bega mkono wa mbele kabisa, na jeneza lilipoingizwa garini mimi nikaingia nalo. Wanaokaa na jeneza ni jamaa wa karibu. Hilo nalijua. Nilidhani kwa robo saa halina madhara.

Gari ikafika Digo Road. Kikowani ni kulia. Gari ikakata kushoto.

Nikamwuliza kijana aliyekaa kando yangu, Sabir, mtoto wa marehemu, kama dereva amepotea. Akasema kwa upole kwamba baba aliusia azikwe kwao Mtongwe. Mtongwe! Ng'ambo ya feri! Machozi yakanitoka hapo hapo. Nililia kwa sauti. Nikalilia karatasi, nikalilia cheti, nikamlilia yule ng'ombe. Wazee wawili wakanishika mikono wakinihimiza subira. Kila nilipojaribu kuinuka nishuke, wakazidi kunishika. Kivukoni Likoni niliomba feri ichelewe, angalau nipate upenyo. Wapi! Tulipitishwa mbele ya magari yote, tukapanda kwanza. Maisha yangu yote sijawahi kuvuka upesi namna ile.

Makaburini, imamu akauliza nani wanashuka kumpokea marehemu. Sabir na nduguye wakashuka. Kwa wa tatu wakanitazama mimi. Walisema mwenye uchungu asinyimwe. Nikashuka. Saa nne kamili, nikidhani wenzangu wanafunua karatasi ya maswali, mimi niko ndani ya kaburi Mtongwe, nampokea mzee nisiyemjua, kwa mikono miwili. Alikuwa mwepesi. Nikaona haya ya kweli.

Kisha nikasimamishwa katika safu ya wafiwa. Mikono mia tatu nimeshika. Mkono wa mia na kitu ulikuwa wa Mwalimu Mutunga, amevaa kofia ya kuazima.

Kumbe Mzee Athmani ndiye aliyemfundisha kazi ujanani, pale maghalani. Mwalimu alipopata habari ya msiba asubuhi, aliuahirisha mtihani hadi Jumatatu. Hakuna aliyefanya mtihani! Nilitaka kuruka. Ila nilikuwa katika safu ya wafiwa. Akaniuliza, macho mekundu, marehemu ni nani kwangu.

Nikasema ni ami yangu.

Sabir alikuwa hapo kando. Akaendelea kupokea mikono. Mwalimu akanikumbatia, akampigia simu Madam Ketty palepale, akamwambia afute jina langu mahali pote pawili daftarini. Mimi ni mtu wa bahati!

Ijumaa, 12 Septemba

Si mtu wa bahati.

Baada ya sala ya Ijumaa, hodi. Darasa zima, watu ishirini na wawili, wamejaa ngazini mpaka uchochoroni. Wamekuja kunipa mkono wa tanzia. Wamebeba mikate na majani ya chai. Sukari ameibeba Bassam, mfuko mkubwa, begani.

Bi Tumu akauliza aliyefariki ni nani. Bassam akamwambia, kwa adabu zote, kwamba ni shemeji yake, Mzee Athmani wa Mtongwe. Bi Tumu akanitazama.

Lakini mji huu mtu aliyekuja kukupa pole humwambii arudi na sukari yake. Bi Tumu akajitanda leso, akakaa, akawapokea mmoja mmoja. Akasomewa Fatiha. Akapika kahawa. Hata machozi akatoa, na nina hakika yalikuwa kwa ajili yangu. Bassam akaniambia nikitaka kupelekwa mahali, pikipiki yake ni yangu. Inachukiza sana adui anapokuwa mwema.

Walipoondoka Bi Tumu hakupiga kelele. Alisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia ngazini kwake. Kesho niende Mtongwe, nikasome khitma, na niwaambie wenyewe ukweli. Akanipa sukari yote niipeleke.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda. Kwa miguu mpaka kivukoni, sukari begani, kwa amri. Nimesoma juzuu mbili. Kisha nikamvuta Sabir kando nikamwambia kila kitu: foleni, Kikowani, mtihani, kitambaa cha kijani.

Sabir alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema walijua tangu kwenye feri kwamba mimi si jamaa yao. Baba yake hakuwa na ndugu wa kiume wala wa kike, mtoto wa ndugu atatoka wapi? Nikamwuliza mbona wakaniacha nishuke kaburini. Akasema mtu anayemlilia baba yako namna ile humwulizi kitambulisho. Akasema pia watoto wa marehemu wenyewe walikuwa wamekauka kwa mshtuko, na kilio changu ndicho kilichowafungua nao wakalia.

Nikalia tena. Safari hii nilimlilia mzee.

Nimeapa, mbele ya Sabir na mfuko wa sukari, kwamba mambo haya basi. Nimekuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtihani nimeufanya! Bassam alikuja kunichukua kwa pikipiki, saa tatu tuko langoni. Madam Ketty alinipa pole na kalamu mpya. Mwalimu Mutunga akanigusa bega akaniambia ami yangu angejivuna.

Swali la kwanza gumu. La pili, Mungu mkubwa! Eleza kikwazo kimoja cha usafirishaji ndani ya mji wa Mombasa, upendekeze suluhisho, ukitoa mfano wa hakika.

Mfano wa hakika! Nani anao kama mimi? Niliandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Nilipendekeza shehena zote za haraka zifunikwe kitambaa cha kijani na zifuatwe na waombolezaji kumi wa kukodi. Nikachora ramani: Kibokoni, Digo Road, kivukoni, muda wa kila hatua. Nikaeleza kwamba undugu na marehemu si lazima, mradi mtu alie vizuri, na nikathibitisha kwa mfano wa Alhamisi, jina la marehemu, nafasi yangu garini, pamoja na ami niliyemzua safuni. Nikaomba karatasi ya ziada.

Waliobaki wataandika mambo ya vitabuni. Mimi nimeandika niliyoyafanya kwa mikono yangu. Na anayesahihisha ni Mwalimu Mutunga mwenyewe. Afadhali! Yeye alikuwepo, atajua sikutia chumvi.